Chokaa, makombe, mifupa au dawa ya chupa: kipi kinaimarisha ganda la yai?

Mfugaji wa kuku wa mayai halipwi kwa mayai yaliyotagwa, analipwa kwa yaliyofika dukani mazima. Trei ya mayai 30 ikitoka Kibaha kwa bodaboda na kufika Mbezi ikiwa na matatu yenye nyufa, faida ya trei hiyo imebaki barabarani. Ndipo mtu anapokwenda duka la pembejeo, anaeleza kwamba maganda yamekuwa membamba, na anatoka na chupa ya kalsiamu ya maji. Chupa hiyo, ukiipima kwa kalsiamu unayopata kwa kila shilingi, ndiyo ghali kuliko vitu vyote vinavyouzwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi ndiyo inayosaidia kidogo kuliko vyote. Ulinganisho huu ni wa mfugaji mwenye kuku mia mbili au mia tano, anayechanganya chakula mwenyewe au anayenunua cha kiwandani, ili ajue shilingi yake ya kwanza aiweke wapi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: ianze kwenye chokaa ya kutosha, ifuate kwenye chembe za chokaa au makombe zinazotolewa jioni, na chupa ije mwisho kabisa.

Ganda linataka nini

Yai la gramu 60 lina ganda la gramu 6 hivi. Karibu ganda lote, asilimia 94 au 95, ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye mawe ya chokaa na makombe ya baharini. Ukiitenga kalsiamu yenyewe unapata kama gramu 2.2. Kuku hafyonzi yote anayokula. Inayoingia mwilini ni nusu, au zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo kila siku anayotaga anatakiwa ale gramu 4 hadi 4.5 za kalsiamu, na kwa kuwa anakula gramu 110 hadi 120 za chakula, chakula hicho kinapaswa kuwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4.2.

Sasa chukua fomula yenye chokaa kilo 4 na mifupa kilo 2 katika kilo 100 za chakula, maana wapo wengi wanaochanganya hivyo. Chokaa nzuri ina kalsiamu asilimia 38. Hapo umepata kilo moja na nusu. Mifupa ina asilimia 26 hivi. Ongeza nusu kilo. Dagaa na mashudu vitaleta gramu mia mbili nyingine. Jumla ni asilimia 2.2 au 2.3. Kuku anayekula gramu 115 za mchanganyiko huo anapata gramu 2.6 za kalsiamu, anafyonza 1.3 au 1.4, na ganda linataka 2.2. Pengo analiziba kwa kukopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Wiki za kwanza huoni kitu. Baadaye maganda yanakuwa membamba, mayai yanapungua, na asubuhi moja unakuta kuku mwenye uzito wake mzuri amelala ubavu, miguu haina nguvu, watu wanasema ugonjwa umeingia bandani. Ugonjwa ni fomula.

Kwa kilo 100, weka kilo 8.5 hadi 9.5 za chokaa na makombe kwa jumla, pamoja na kilo moja na nusu ya DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wa dukani wenye kalsiamu na fosforasi). Kama fomula yako iko chini sana ya hapo, irekebishe kwanza, maana hakuna nyongeza yoyote inayotajwa hapa itakayoweza kuziba pengo hilo.

| Kitu | Kalsiamu (%) | Fosforasi (%) | Kuyeyuka tumboni |
|---|---|---|---|
| Chokaa ya unga | 36–39 | karibu hakuna | haraka |
| Chokaa ya chembe | 36–39 | karibu hakuna | polepole |
| Makombe ya chembe | 37–38 | karibu hakuna | polepole |
| Maganda ya mayai | 36–38 | kidogo sana | kulingana na usagaji |
| Unga wa mifupa | 24–30 | 12–14 | wastani |
| DCP | 23–24 | 18 | haraka |

Unga na chembe

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo wengi wanapopapita haraka. Ganda hujengwa kwa saa 18 hadi 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa amepanda kichanjani na hali chochote. Unga wa chokaa aliokula mchana umeshapita. Ikifika saa sita usiku utumbo hauna kitu, na hiyo ndiyo saa ambayo ganda linahitaji kalsiamu kwa wingi. Chembe za milimita 2 hadi 4, ukubwa wa chenga za mchele, hazipiti hivyo. Zinabaki kwenye firigisi, zinayeyuka kidogo kidogo hadi alfajiri, na kuku analijenga ganda kwa alichokula badala ya kuchota mifupani.

Ndiyo maana vyakula viwili vinaweza kupimwa maabara vyote vikaonyesha asilimia 4 ya kalsiamu, na bado kimoja kikatoa maganda magumu na kingine mayai ya kupasukia mkononi. Maabara inapima kiasi. Kuku anaona pia ukubwa wa chembe. Kwa kuku wanaoanza kutaga, nusu ya chokaa iwe ya chembe. Wakishavuka wiki ya 45 au 50, theluthi mbili iwe chembe, kwa sababu mayai yao yamekuwa makubwa ilhali kalsiamu wanayoweka kwenye kila ganda haijaongezeka, hivyo ile ile inatandazwa juu ya yai kubwa zaidi.

Saa nayo ina maana. Mimina chembe kwenye chombo cha pembeni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, kisha simama uangalie. Kuku wenye yai la kesho tumboni wanakuja moja kwa moja na kudonoa kwa bidii. Wasiotaga wanadonoa mara mbili tatu na kuondoka. Kuku ana hamu yake ya kalsiamu na anajua lini anaihitaji, na chombo cha pembeni kinamruhusu kila mmoja achukue kadiri yake. Kwa kuku wa kienyeji na chotara wanaokaa na majogoo, hii ndiyo njia bora kuliko kuchanganya kwenye chakula cha wote, kwa kuwa jogoo hana kazi na kalsiamu ya asilimia 4 na figo zake haziihitaji.

Kati ya makombe na chokaa ya chembe, chagua kilicho karibu nawe na kilicho safi. Kikemia ni kitu kimoja. Wanaosema makombe yana nguvu zaidi mara nyingi wanalinganisha makombe ya chembe na chokaa ya unga, na hapo kilichoshinda ni chembe. Pwani kuna makombe ya baharini. Kanda ya Ziwa, na ng'ambo Uganda, kuna makombe ya konokono wa ziwani. Tanga mawe ya chokaa yamejaa. Makombe ya ufukweni yaoshe kwa maji baridi uondoe chumvi na mchanga, yaanike, ndipo uyaponde. Ukiuziwa gunia lililochanganywa na mchanga, kila kilo ya mchanga ni kilo ambayo kuku hakupata.

Kuna jaribio la jikoni ambalo nalipenda kwa sababu halihitaji mtaalamu. Weka kijiko cha chokaa kwenye glasi na ukamulie limau, au mwagia siki. Chokaa nzuri itatoa povu la haraka na karibu yote itayeyuka ukiongeza asidi ya kutosha; mchanga utabaki chini ukiutazama. Ikitoa povu kwa uvivu huenda ni mawe yenye magnesiamu nyingi, na hayo hayafai kuku wa mayai. Na chokaa ya kupaka ukuta usiiweke kabisa kwenye chakula. Hiyo ni mawe yaliyochomwa tanurini. Inaunguza mdomo na koo. Dukani sema waziwazi kwamba unataka chokaa ya mifugo.

Maganda ya mayai

Kwa mwenye kuku kumi au ishirini nyumbani, maganda ni nyongeza nzuri, na kibanda cha chipsi mayai cha jirani kinayatupa kila usiku bure. Hesabu yake ni hii: kuku mmoja anahitaji maganda ya karibu mayai mawili kila siku kama hana chanzo kingine cha kalsiamu, kwa hiyo banda la kuku mia tatu huwezi kulilisha hivyo. Yachemshe dakika kumi au yakaushe kwenye oveni, kwa sababu maganda mabichi kutoka kwingine yanaweza kukuletea salmonela. Yaponde hadi yasiwe na sura ya yai, wasije wakajifunza kula mayai yao.

Mifupa na DCP

Hivi vinanunuliwa kwa sababu ya fosforasi. Mtu anayeona ganda jembamba na kuongeza mifupa amekosea mlango: fosforasi ikizidi, ganda linazidi kuwa dhaifu, maana inazuia kalsiamu kutoka mifupani na kufyonzwa vizuri. Fosforasi inayotumika mwilini iwe asilimia 0.35 hadi 0.45 tu. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti vina fosforasi nyingi kwenye karatasi, lakini sehemu kubwa imefungwa na kuku hawezi kuifungua bila kimeng'enya cha fitesi, ndiyo sababu viwanda huongeza kimeng'enya hicho na wanaochanganya nyumbani hutegemea DCP au mifupa.

Nikichagua kati ya viwili hivyo, nachukua DCP. Kiasi chake kinajulikana na kinafanana mfuko hadi mfuko. Mifupa inatofautiana, na iliyosagwa bila kupikwa vizuri kwa mvuke au kuchomwa inaweza kubeba salmonela, na hata vimelea vya kimeta kama mnyama alikufa nao. Bei yake ndogo haifidii hatari hiyo usipojua ilikotengenezwa.

Kalsiamu ya maji

Tupige hesabu bila kuitaja chapa yoyote. Tuseme chupa ina gramu 50 za kalsiamu kwa lita, na maelekezo yanasema mililita 2 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Lita moja ya maji ya kuku itakuwa na miligramu 100. Kuku anakunywa mililita 200 hadi 250 kwa siku, kwa hiyo atapata miligramu 20 hadi 25. Mahitaji yake ni miligramu 4,000 na zaidi. Weka namba za lebo ya chupa yako mwenyewe kwenye hesabu hiyo, hata zikiwa mara tano ya hizi, uone zitafika wapi. Gramu moja tu ya makombe ina miligramu 380.

Chupa inayoweza kusaidia ni ile yenye vitamini D3, na inasaidia kwa sababu ya D3. Bila vitamini hiyo kalsiamu inapita utumboni na kutoka na kinyesi. Kuku wanaotoka juani hujitengenezea wenyewe; waliofungiwa kwenye banda la kivuli wanategemea premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula, inayopaswa kuwapa kama uniti 3,000 kwa kilo ya chakula. Premiksi iliyokaa miezi kwenye stoo ya bati, mfuko ukiwa wazi, imepoteza nguvu. Kama kalsiamu yako iko sawa, chembe zipo, na maganda bado ni mabaya, hapo D3 ya kwenye maji kwa siku tano hadi saba ni jaribio la busara, na ikileta nafuu umejua kwamba premiksi ndiyo ya kubadilisha.

Joto la Pwani

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, miezi ya Desemba hadi Machi, tatizo hubadilika. Kuku anapohema mdomo wazi anatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inapungukiwa bikaboneti, na bikaboneti ndiyo nusu ya pili ya ganda. Tena joto linamfanya ale kidogo, basi hata chakula chenye asilimia 4 hakimfikishi. Kuongeza chokaa peke yake hapa hakutoshi. Weka gramu 200 hadi 300 za bikaboneti ya soda, ile ya kuokea mikate, katika kilo 100 za chakula, na chumvi ya kawaida uipunguze kidogo ili kloridi isizidi. Usitumie magadi ya mawe badala yake: hayo hubeba floridi nyingi, na si kitu hicho hicho. Chakula kiliwe alfajiri na jioni, maji yawe ya baridi na kivulini.

Na maji yenyewe yaonje. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na maji ya chumvi yanaharibu ganda hata chakula kikiwa kizuri kiasi gani. Mfugaji anayemwaga fedha kwenye nyongeza huku kuku wanakunywa maji ya chumvi angefaidika zaidi kwa tangi la maji ya mvua.

Zinki, manganizi na vikongwe wa banda

Zinki ni sehemu ya kimeng'enya kinachotengeneza kaboneti ya ganda, na manganizi inahusika na utando wa protini ambao ganda hujengwa juu yake. Premiksi nzuri inavyo vyote viwili. Aina zilizofungwa na protini, ambazo huuzwa kwa bei ya juu, zimeonyesha faida kwenye majaribio ya kuku waliozeeka, na hapo ndipo ningezinunua: kundi lililopita wiki ya 60, chembe zimeshafika theluthi mbili, na unataka kulivusha miezi mingine michache. Kwa kundi changa ni fedha ya kupeleka kwingine.

Pima kabla na baada

Bila kipimo, kila nyongeza itaonekana imefanya kazi. Yeyusha gramu 125 za chumvi kwa kila lita ya maji. Maji hayo yanakuwa na uzito wa karibu 1.08 ukilinganisha na 1 ya maji ya kawaida. Chukua mayai ya siku hiyo hiyo tu, trei moja ikitosha, uyatumbukize. Yanayozama yana ganda zuri. Yanayoelea ganda lake ni jembamba. Mayai ya jana usiyatumie, kwa sababu hewa ya ndani imeshaongezeka na yataelea hata yakiwa na ganda zuri. Andika namba kwenye daftari, badilisha kitu kimoja tu, kisha rudia baada ya wiki mbili kwa maji ya kiasi kile kile. Yasuuze mayai baada ya kipimo na uyale nyumbani; yaliyoloweshwa hayakai.

Daftari hilo pia litakuambia mambo ambayo hakuna nyongeza inayoyaponya. Mayai yakianza ghafla kuwa na makunyanzi, na ute wa ndani ukawa kama maji, fikiria mkamba wa kuku. Kuku wakionekana wazima huku mayai ya kahawia yanapauka, yanatagwa laini au bila ganda, na idadi inaporomoka, kuna virusi vya kushusha utagaji, vilivyotambuliwa mwaka 1976, na kinga yake ni chanjo kabla hawajaanza kutaga. Mdondo nao huacha alama hizo. Dawa za sulfa, ambazo wengi huzitumia kwa kuhara damu, zinaweza kulegeza ganda. Rangi ya kahawia haitokani na kalsiamu, kwa hiyo usiongeze chokaa kwa sababu yai limepauka. Tatizo lililoanza kwa siku mbili tatu ni la kumwita daktari wa mifugo. Lililokuja polepole kwa wiki nyingi ndilo la chakula.

Kwa anayenunua chakula cha kiwandani

Huna haja ya kuvunja mchanganyiko wao. Kama chakula ni cha kuaminika, gramu 2 hadi 3 za makombe ya chembe kwa kila kuku jioni zinatosha, yaani chini ya kilo moja kwa kuku mia tatu. Ukikitilia shaka, panda hadi gramu 5, na upeleke sampuli kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) au maabara nyingine inayopima vyakula vya mifugo, kwa sababu ukishajua asilimia halisi hutahangaika tena kwa kubahatisha. Ukiona vipele vyeupe vya chokaa juu ya maganda na kinyesi kimekuwa cheupe cha majimaji, umezidisha, punguza.

Mitetea iliyo chini ya wiki 16 isiguswe na haya yote. Chakula chao ni cha kalsiamu ya asilimia 1 hivi, na wakilishwa cha kutagia mapema figo zao zinaharibika bila dalili, kisha wanakufa mmoja mmoja wakiwa katikati ya kutaga. Wape cha asilimia 2 hadi 2.5 katika wiki mbili za mwisho kabla ya kuanza kutaga, vilemba vikianza kuwa vyekundu, na chombo cha chembe kiingie bandani kwa mara ya kwanza hapo.